Tuingie pamoja: kuogelea Ziwa Tanganyika wakati wa kipupwe



Ndugu wasomaji, tunaandika kutetea jambo ambalo baadhi ya wazee wetu wa parokia wanaliona la kitoto. Katika likizo ya Juni, mafrateri wanne, vijana kumi hivi wa VIWAWA, mama wawili wa WAWATA na mzee mmoja aliyevua samaki maisha yake yote huteremka ufukweni Karema baada ya Misa ya asubuhi, upepo wa kipupwe ukiwapiga mgongoni, na kuingia ziwani kwa hiari yao. Hatuendi kuoga, sabuni hatubebi. Hatuendi kutega nyavu wala kuchota maji. Tunaogelea robo saa, tunatoka tukitetemeka, tunaota moto, tunakunywa uji, kisha kila mtu anakwenda kwenye kazi zake.

Tumeulizwa zaidi ya mara moja, tena kwa upole: "Mafrateri, hiyo nayo ni sehemu ya wito?" Jibu letu ni ndiyo. Na kwa kuwa jibu fupi huwa halimridhishi mtu, hasa likitoka kwa wanafunzi wa falsafa, tumeomba nafasi hii tulieleze.

Kwa wasioujua mkoa wetu: Karema iko kando ya Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 100 kutoka Mpanda mjini. Mapadre Weupe waliipokea ngome ya Wabelgiji hapo mwaka 1885, na ndiyo maana Wakatoliki wengi wa Katavi huhesabu historia ya imani yao kuanzia ufuko huo. Lakini Mpanda yenyewe ni bara. Wengi wetu tuliokulia mjini, au Inyonga, au kwenye vijiji vya mpunga na tumbaku, tulilelewa tukiyaogopa maji, tena kwa sababu nzuri. Maji tuliyoyajua ni ya Mto Katuma, na kila aliyewahi kupita Hifadhi ya Katavi wakati wa kiangazi ameona viboko walivyosongamana kwenye vidimbwi vilivyobaki na mamba walivyojilaza kingoni. Mtoto wa bara hufundishwa neno moja tu kuhusu maji: kaa mbali. Wenzetu wa Karema na Ikola wanazaliwa maji yakiwa mlangoni, lakini hata kwao, hasa kwa wasichana, kujua kuogelea si jambo la kila mtu. Wapo waliosafiri kwa boti mara mia na hawajawahi kuelea hata mara moja.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2024. Mwaka huo Tanzania, kwa makubaliano na nchi nyingine tatu zinazolizunguka ziwa, yaani Burundi, Kongo na Zambia, ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Hatuna haja ya kuwaeleza watu wa mwambao miezi ile mitatu ilivyokuwa. Dagaa na mgebuka ndiyo ada za shule, ndiyo bati la nyumba, ndiyo sadaka ya Jumapili. Mafrateri tuliofika likizo tulikuta ufuko mtupu, nyavu zimekunjwa, na wanaume wanaolijua ziwa kuliko mtu yeyote wamekaa chini ya miembe bila kazi. Mmoja wao, mzee tunayemwita Babu, alituona tukinawa miguu kwa woga kwenye maji ya kufika magotini akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema kama tunataka kuwa mapadre wa huku na hatujui kuogelea, basi itabidi waumini watubebe mgongoni, na yeye mgongo wake umechoka. Kesho yake tukaanza.

Sasa tuseme juu ya baridi, maana hapo ndipo tunapochekwa zaidi. Ukweli ni kwamba Ziwa Tanganyika haliwi na baridi kama ya Ulaya. Kule London kipo kikundi cha waogeleaji wa bwawa la Serpentine kilichoanzishwa mwaka 1864, na hadi leo wanachama wake hushindana kuogelea asubuhi ya Krismasi katika maji ambayo sisi tusingethubutu kuyatia kidole. Maji yetu mwezi wa Juni huwa kwenye digrii 24 au 25 hivi. Mzungu angeyaita ya uvuguvugu. Lakini mwili hausomi kipimajoto cha Mzungu. Maji hunyang'anya mwili joto haraka sana kuliko hewa, zaidi ya mara 20, na mtu mwembamba aliyelowa akisimama kwenye upepo wa saa moja asubuhi hutetemeka kwelikweli. Mwezi wa Februari unaingia ziwani kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Mwezi wa Juni unasimama maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, na nafsi inaanza kukutolea hoja. Inasema una homa. Inasema kesho. Inakukumbusha kwamba hujamaliza kusali masifu.

Hoja hizo tunazifahamu vizuri, maana ni zilezile zinazotujia kengele ya saa kumi na moja na nusu inapolia seminarini.

Tulipokuwa tukisoma Wastoa darasani tulifurahi kukuta kwamba Seneca alikuwa mwenzetu. Katika barua zake kwa Lucilius anajitaja kuwa mpenzi wa maji ya baridi, na anasimulia jinsi alivyokuwa akiuanza mwaka mpya wa Kirumi, tarehe mosi Januari, kwa kuruka kwenye maji ya mfereji wa Virgo pale Roma. Alivyozeeka akahamia mtoni Tiber, na mwisho akabaki na beseni lililopashwa moto na jua peke yake. Tunapenda sana kwamba hakuificha safari hiyo ya kushuka. Kuna barua nyingine anaeleza jinsi kichefuchefu cha chombo kilivyomshinda baharini hata akajitupa majini na nguo zake, akaogelea na kujikokota juu ya miamba mpaka nchi kavu. Mwanafalsafa mkubwa, mwalimu wa mfalme, lakini siku ile kilichomfikisha pwani ni mikono na miguu yake. Plato naye, katika kitabu cha 3 cha *Sheria*, anagusia msemo wa Wagiriki uliomhesabu mjinga kuwa ni yule asiyejua herufi wala kuogelea. Tunawapa pole walimu wetu: kwa kipimo hicho, nusu ya darasa letu bado haijamaliza chekechea.

Lakini hatukuanza kuandika makala hii kwa sababu ya Seneca.

Tumeimba kwenye mazishi ya waliokufa maji. Wasomaji wa mwambao wanajua mazishi hayo yalivyo, hasa yanapokuwa ya mtoto. Mara nyingine jeneza linachelewa kwa sababu mwili bado haujaonekana. Watu hukaa siku mbili, siku tatu, wanawake wakitazama ziwa. Na katika mazishi hayo kuna sentensi moja isiyokosekana, ya mjomba, ya mwenyekiti wa mtaa, na tuseme kweli, hata ya sisi tunaovaa kanzu: "Ni mapenzi ya Mungu."

Sentensi hii ndiyo tunayotaka kuijadili.

Hatumkatazi mama aliyefiwa kuisema. Mama akisema hivyo anasali, na sala ya mama haisahihishwi na mwanafunzi wa mwaka wa pili. Tunazungumzia sisi wengine, jumuiya iliyobaki, tunaposema hivyo na kurudi nyumbani, na mwezi unaofuata watoto walewale wanatumwa kuchota maji palepale, na hakuna aliyewafundisha hata kuelea chali. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba Mungu huviongoza viumbe kwa njia ya viumbe vingine. Si kwamba nguvu zimempungukia, bali kwa wema wake amevipa viumbe heshima ya kuwa sababu za kweli za mambo. Mkono wa mvuvi unaomshika mtoto ni maongozi ya Mungu. Kamba iliyofungwa kwenye dumu tupu ni maongozi ya Mungu. Somo la wiki sita la kuelea ni maongozi ya Mungu. Tukikataa kuwa sababu, halafu tukamtwika Mungu matokeo, hiyo si imani kubwa. Tunaona ni uvivu uliovaa nguo za ibada.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano, na walio wengi mno katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu. Sisi Watanzania tunazikumbuka ajali kubwa: MV Bukoba Mei 1996, MV Nyerere Septemba 2018, ambapo watu zaidi ya 220 walikufa karibu kabisa na gati la Ukara. Kwa haki, katika ajali za namna hiyo wengi hunaswa ndani ya chombo, na kuogelea pekee kusingewaokoa wote. Kujaza chombo kupita kiasi ni dhambi yenye wenyewe. Ila ajali nyingi za maji haziingii redioni. Ni mmoja mmoja. Ni mtoto na ndoo, ni kijana aliyeruka kutoka kwenye mtumbwi mbele ya wenzake, ni mama aliyeteleza akishuka kwenye boti.

Na boti huku hazikwepeki. Meli ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 na kuzamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 kabla ya kuinuliwa tena, kwa miongo mingi ilikuwa ikisimama mbali na vijiji vingi, na abiria wakiifuata kwa mitumbwi, wakipanda na magunia, kuku na watoto mgongoni. Miaka ya karibuni imesimama kwa ukarabati, na watu wa vijijini wanasafiri kwa boti za mbao. Padre wa parokia ya mwambao naye husafiri hivyo kwenda vigangoni. Katekista vilevile. Sisi mafrateri, Mungu akitufikisha kwenye daraja takatifu, tutasafiri hivyo tukiwa na mafuta ya wagonjwa mfukoni.

Tusome tena Matendo ya Mitume sura ya 27. Merikebu ya Paulo inavunjika karibu na Malta, na akida Mroma anatoa amri ya busara kabisa: wanaojua kuogelea waruke kwanza waende nchi kavu, waliobaki wafuate juu ya mbao na vipande vya chombo. Malaika alikwisha kumhakikishia Paulo kwamba hakuna hata mmoja atakayepotea. Ahadi ya Mungu ilikuwepo, na bado ilitimia kwa njia ya mikono iliyojua kuogelea na mbao zilizoelea. Kisha mwanzoni mwa sura ya 28, wenyeji wa kisiwa wanawawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi. Tunapokaa tukiota moto ufukweni tunaikumbuka picha hiyo, na ile nyingine ya Yohane 21, Petro akiwa ameloa baada ya kujitupa majini, na mkaa tayari umewashwa na Bwana. Kwa Karema neno Malta lina uzito wake pia: Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, alisomeshwa udaktari Malta, akafika hapa mwaka 1889 na kuwatibu watu wa mwambao huu kwa zaidi ya miaka 60 mpaka kifo chake mwaka 1956. Alikuwa katekista na daktari kwa pamoja. Hakuna aliyemwambia achague kati ya roho za watu na miili yao.

Basi tueleze tunavyofanya, maana wapo wanaodhani tunajirusha tu.

Hatuingii kabla ya mwanga. Jua mwezi wa Juni linatoka kama saa moja, na Babu anataka kwanza aone maji vizuri. Yeye na kijana mmoja hutembea ufukoni huku na huku, wakitazama nyayo na alama za mamba au kiboko kwenye mchanga. Akisema leo hapana, basi ni hapana, na hakuna anayeomba rufaa. Hatukaribii midomo ya mito wala penye matete. Matete tunayakwepa pia kwa sababu ya kichocho, maana konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia yenye majani, na vimelea hutoka kwao kwa wingi jua likiwa kali, kwa hiyo asubuhi mapema kuna nafuu kidogo. Nafuu si kinga. Sista wa zahanati ametuambia kila mmoja apime mwisho wa likizo, nasi tunapima.

Kisha upepo. Hili ndilo somo kubwa tulilopewa na Babu, na hatukulikuta kwenye kitabu chochote. Wakati wa kipupwe upepo hutoka kusini-mashariki. Sisi tuko upande wa mashariki wa ziwa. Maana yake ni kwamba upepo unaotutia baridi mgongoni ndio huohuo unaotusukuma kwenda Kongo. Kwenye ufuko maji yanaonekana yametulia, mawimbi yako mbele huko, na mgeni anadhani leo ni salama. Babu hutupa kipande cha tete majini na kutuambia tukitazame. Kikiondoka haraka, tunaogelea kwa kufuata ufuko, maji yakiishia kifuani, na hakuna anayevuka mstari wa madumu. Kikiondoka haraka sana, tunaota moto tu na kunywa uji.

Madumu ndiyo vifaa vyetu. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri linamwelesha mtu mzima. Tunayo manne, yamefungwa kamba. Mtu akishindwa, tunamrushia dumu, au tunamnyoshea upondo. Hatumfuati mikono mitupu, kwa sababu anayezama humkumbatia mwokoaji na wanakwenda wawili. Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa, lakini Babu anatuambia tusiusubiri mtapatapo huo. Mara nyingi mtu anayezama hapigi kelele. Kichwa kinalala nyuma, mdomo uko usawa wa maji, mikono inabonyeza chini kama anayetafuta ngazi, na kwa dakika chache tu amekwisha kupotea. Ndiyo maana kila anayeingia ana mwenzake, na kazi ya mwenzake ni moja: kumtazama.

Na tunaingia kwa mwendo wa aliye mwoga kuliko wote. Hii ni sheria yetu na tunaipenda kuliko nyingine. Mwanzoni vijana walitaka kushindana, wa kwanza kuzama kichwa ndiye dume. Tukakataa. Tunashikana mikono mstari mmoja, tunaingia hatua kwa hatua, na mstari unasimama pale mmoja anaposimama. Kuna asubuhi mama mmoja alisimama maji yakiwa kiunoni, akasema hapa panatosha. Tukasimama wote, watu kumi na saba tukitetemeka kiunoni kwenye maji, tukaimba litania ya Bikira Maria nzima, kisha tukatoka. Hakuna aliyezama kichwa siku hiyo. Baada ya wiki mbili mama huyohuyo alielea chali akitazama mbingu, na alipoinuka alikuwa analia. Aliolewa mwambao huu na amepanda boti zaidi ya miaka 20, na ndiyo mara ya kwanza maji kumbeba.

Aristotle anapozungumzia ushujaa katika kitabu cha 3 cha *Maadili ya Nikomako* anatofautisha kwa makini. Baharini, anasema, shujaa hana hofu, lakini si kwa namna ya baharia. Baharia ana matumaini kwa sababu ya uzoefu. Tumebishana sana juu ya aya hiyo. Baadhi yetu wanasema Aristotle anaudharau ujuzi wa baharia kana kwamba si fadhila. Sisi tulio wengi tunaona anatuonya tusichanganye vitu viwili. Kijana anayejirusha peke yake kwenye mawimbi bila kujua kuogelea si shujaa, ni mjinga mwenye bahati, kwa siku ambazo bahati ipo. Na anayejua kuogelea akaacha kuogopa kabisa naye yuko hatarini. Tunachotafuta ni hofu iliyofundishwa, na hatujui mahali pazuri pa kuifundishia kuliko kwenye maji ya Juni, ambapo mwili wenyewe unakataa na huwezi kumdanganya mtu kwamba uko sawa. Meno yanagongana, kila mtu anayasikia.

Sasa tuwajibu wazee, kwa heshima.

Wanasema haifai frateri aonekane amevaa kaptula mbele ya waumini. Tunaelewa. Lakini mwaka 1958, padre mmoja wa Poland alikuwa katika safari ya kupiga kasia mtoni na vijana wake alipoitwa Warszawa kuambiwa kwamba ameteuliwa kuwa askofu msaidizi wa Kraków. Baadaye alikuwa Papa, na sasa ni Mtakatifu Yohane Paulo II. Ni yeye aliyeandika mwaka 1992, katika *Pastores Dabo Vobis*, kwamba malezi ya kiutu ndiyo msingi wa malezi yote ya padre. Na Pier Giorgio Frassati, aliyetangazwa mtakatifu 7 Septemba 2025, alipanda milima na kundi la marafiki waliojiita kwa utani jina la watu wasioaminika. Urafiki wao ulikuwa na baridi, jasho, vicheko na Rozari.

Wanasema pia kwamba wanawake hawafai kuwa majini na wanaume. Hapa tumewasikiliza na tumebadilisha utaratibu: mama na dada zetu wana mstari wao, na sista yuko nao, na wanavaa suruali za kubana, fulana ndefu na kanga juu, ila kanga inavuliwa kabla maji hayajafika kiunoni kwa sababu inafunga miguu. Kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamefunika mwili mzima, na stara yao haikupungua. Mwanza nako shirika la EMEDO limekuwa likishughulika na kuzuia watu kufa maji katika Ziwa Victoria. Hatuoni kwa nini mwambao wa Tanganyika ubaki nyuma. Mama ndiye anayekaa katikati ya boti na watoto wawili. Akiwa ndiye pekee asiyejua kuelea, tumewapoteza watatu.

Na wapo wanaosema Wakristo wa Ethiopia wakiruka majini Gondar siku ya Timkat, kila mwaka mwezi wa Januari, angalau wanafanya ibada, lakini sisi tunafanya mchezo. Hilo tumelikubali kwa nusu. Ni mchezo. Tunacheka sana, na mara nyingi uji unamwagika. Hatujaona mahali ambapo Kanisa limekataza watu wazima kucheza pamoja kabla ya saa mbili asubuhi.

Tunachoomba kwa halmashauri za walei za parokia za mwambao ni mambo madogo. Boti inayompeleka padre au kwaya kigangoni iwe na jaketi okozi kwa kila abiria, na zivaliwe, zisikaliwe kama mto. Mtoto anayejiandaa kwa Komunyo ya Kwanza huku ziwani ajifunze pia kuelea kwa dakika mbili kabla ya siku hiyo. Katekista asimamie orodha na wavuvi wasimamie maji. Wavuvi hawa walipwe kitu, hata kama ni sukari na unga, hasa uvuvi ukiwa umefungwa, kwa maana wanatoa elimu. Na tarehe 25 Julai, ambayo Umoja wa Mataifa tangu mwaka 2021 umeifanya Siku ya Kuzuia Kufa Maji Duniani, ni sikukuu ya Mtakatifu Yakobo Mtume, mvuvi mwana wa Zebedayo. Tumemwomba paroko siku hiyo tuwaombee kwa majina wote waliokufa maji katika parokia, na baada ya Misa tuteremke ufukweni pamoja. Amesema atafikiri. Ameuliza pia kama maji ni ya baridi sana.

Kwa anayetaka kujiunga likizo hii: ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa moja na robo, mara baada ya Misa. Mwenye kifafa, presha au ugonjwa wa moyo aonane na sista kwanza. Aliyekunywa pombe usiku abaki motoni apepee kuni. Njoo na nguo kavu, sweta na kikombe, uji upo. Kamba ya dumu la tatu imeanza kulika, kwa hiyo mwenye mita 15 za kamba ya nailoni ya zamani atusaidie, tuko nyumba ya mafrateri nyuma ya kanisa.